Tundu Nililotoboa Pabaya

Mwezi uliopita vijana wanaosomea upasuaji walitualika ukumbini, sisi watano tunaopasua utumbo mpana na njia ya haja kubwa, tuwaeleze tulivyoingia katika kazi hii. Hatukuwa tumeonana sote pamoja kwa miaka mingi. Mwenzangu wa kwanza alisema baba yake alikuwa mchinjaji, na tangu utotoni alizoea kuosha matumbo ya mbuzi bila kukunja uso. Wa pili alisema mama yake alikufa kwa uvimbe ambao hakuna daktari aliyekubali kuupima kwa kidole. Wa tatu, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alisema anapenda kazi isiyo na maringo. Wa nne alisema aliongozwa na Mungu, na hakuna aliyethubutu kumwomba ushahidi. Vijana wakaandika yote. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema kwamba nilivutiwa na mahitaji ya wananchi; wakapiga makofi, nikaketi nimejaa kinyaa. Hakikuwa kinyaa cha kazi, kwa sababu pua yangu ilishasalimu amri zamani. Kilikuwa kinyaa cha ulimi wangu. Nina umri wa miaka arobaini na minane, nimefundisha wapasuaji wengi, na sijapata kumwambia hata mmoja wao ukweli wa mwaka nilioishi Amu.

Wakati tukisoma chuo kikuu huko Kampala, hakuna aliyeota kuwa mpasuaji wa sehemu hizo. Wenye majina walikwenda kwenye ubongo, wenye mikono mepesi wakaenda kwenye macho, wenye sauti nzito wakaenda kwenye kifua, na huko chini walipelekwa waliobaki. Hata leo, nikiulizwa na wakwe kazi yangu hasa ni nini, husema tu "mpasuaji" na kuomba chumvi. Mimi nilijipangia macho. Nilipopata shahada serikali ilinipeleka Amu kwa mwaka mmoja, miaka michache baada ya uhuru, niwe daktari pekee wa visiwa vyote, kuanzia mji wenyewe hadi Pate, Siyu na Ndau. Nilikwenda kama mtu anayelipa faini. Nilipanga chumba katika nyumba kubwa ya mawe pamoja na maofisa watatu wa bara, na kila jioni tulikula meza moja tukilalamika: wali una nazi mno, mifereji ya vichochoroni inanuka, punda hawalali. Kuta za chumba changu zilijaa vidaka vilivyochongwa kwa ustadi, ambamo wenyewe waliokuwa wakiishi humo waliweka vyombo vya kaure. Mimi niliweka soksi. Chumba cha upasuaji hospitalini kilikuwa na meza ya chuma iliyoshika kutu miguuni, taa ya karabai, na dirisha lenye wavu uliochakaa, hata nzi waliingia na kutoka kama watumishi wa idara nyingine.

Bwana Lali aliletwa katika mwezi wangu wa pili. Alikuwa mshona ngozi wa Siyu, mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, mwenye vidole vilivyokauka na kuwa vyeusi kwa maji ya gome la mkoko. Viatu na mishipi yake vilivaliwa na maharusi wa Pate yote. Mkewe, Bi Zena, alimleta kwa mashua akiwa amevimba tumbo kwa siku tatu, na nilipoligonga kwa kidole lililia kama ngoma iliyowambwa. Utumbo mpana ulikuwa umejisokota, kama kamba inavyojisokota ikiachwa mkononi mwa mtoto. Stefano, muuguzi wangu, mtu wa bara kama mimi, alimdondoshea etha, dawa ya usingizi, kwenye kitambaa puani, nami nikafungua. Sitaieleza harufu ile kwa kirefu. Nitasema tu kwamba utumbo ulikuwa mweusi na mwororo kama biringani lililosahauliwa juani, kwamba ulipasuka mkononi mwangu, na kwamba Stefano, macho yakimtoka machozi, alisema, "Daktari, mimi nina watoto. Tumfunge tu, tumrudishe kwa wenyewe." Nilikata kipande kilichooza, nikaiziba ncha ya chini, na ncha ya juu nikaitoa nje kupitia ukuta wa tumbo, upande wa kushoto, iwe mlango mpya wa choo. Kuziunganisha ncha mbili kulitaka mikono ambayo sikuwa nayo. Mahali pa kutoboa nilipata katika kitabu. Mchoro wa kitabu ulionyesha mtu uchi aliyelala chali, na kati ya kitovu chake na ncha ya mfupa wa nyonga palikuwa na duara dogo lililochorwa vizuri. Nilitoboa pale pale. Bwana Lali akapona, na baada ya wiki tatu nikamruhusu aende kwao akiwa na pamba, bendeji, na maelezo mengi. Katika faili niliandika kwamba upasuaji ulifanikiwa kikamilifu, na jioni ile nilijiona mtu mkubwa mezani.

Alirudi baada ya miezi miwili. Nilimnusa kabla sijamwona, na nadhani wagonjwa wote waliokuwa barazani walimnusa, kwa sababu benchi lilikuwa limebaki tupu isipokuwa yeye na Bi Zena. Alikuwa amekonda. Nilipofungua bendeji nilikuta ngozi iliyochubuka na kuwa nyekundu, upana wa sahani, na juu yake mshipi ambao hadi leo sijaona kazi ya ngozi iliyo safi kama ile: ngozi nyororo ya mbuzi, mishono midogo iliyolingana kama meno, na mbele yake kijaluba, kifuko kidogo cha ngozi kilichoshonwa mdomo mviringo ili kikae juu ya tundu na kupokea kinachotoka. Kando ya bizimu la mshipi palikuwa na vitundu vitano, alivyotoboa mara tano akitafuta pa kuukaza. Mshipi haukukaa. Ulikuwa umelowa, na ulikuwa na funza wawili. Kwa kuwa mtu aliyeshikwa na kinyaa hutafuta upesi mwingine wa kumlaumu, nilimuuliza kwa sauti ya kiofisa, "Bwana Lali, unaoga mara ngapi kwa siku?"

Bi Zena alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Yeye? Kisima tumekimaliza, Bwana daktari. Majirani wasema tuchimbe chetu."

"Daktari hajui, Zena," mumewe alisema kwa upole. "Wewe keti tini. Daktari, nipe ruhusa nikuonyeshe, uone kwa mato yako."

Akasimama katikati ya chumba, akakifunga kikoi chake kama mwanamume yeyote wa visiwa vile anavyokifunga, akikikunja kiunoni mara mbili na kukisokota kiwe kama kamba nene. Msokoto ule ulipita juu ya tundu langu barabara, kana kwamba tulikuwa tumepatana. Kisha akaketi, na ukunjo wa tumbo ukalimeza tundu. Kisha akaelekea ukutani, akainama kama anayerukuu, mikono magotini, na nikasikia sauti ndogo ya majimaji, halafu harufu. Mshipi ulikuwa umefyatuka. Stefano alitoka nje bila kuaga. Mimi niligeuza uso dirishani, nikajifanya ninatafuta mwanga.

"Umeona," alisema bado akiwa ameinama. Aliinuka taratibu, akajifuta kwa kitambaa alichokuja nacho. "Maalim ameniambia sala yangu yafaa, mtu mwenye udhuru kama wangu hana lawama, nitawadhe kwa kila sala nisali. Sheria imenikubali. Watu wa safuni ndio hawanikubali, na siwalaumu. Aliye kulia kwangu husogea, aliye kushoto husogea, nikabaki pekee kama nguzo. Sasa nasali nyumbani. Mashuani wameniweka omo, mbele kabisa, upepo uchukue harufu yangu isiwafikie. Mimi sikuomba uniondolee tundu, Bwana. Nataka kusimama safuni na watu, bega kwa bega. Basi, hilo moya tu."

Nilianza kumweleza kwamba mahali pale ndipo palipoelekezwa na vitabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama fundi anavyomsikiliza mteja asiyejua anachotaka.

"Huyo wa kitabuni," akauliza, "alikuwa amelala?"

"Ndiyo. Amelala chali."

"Mimi mshipi siupigi msharasi mtu amelala. Namvika kwanza. Namwambia keti, inama, inuka, nenda mlangoni urudi. Ndipo nitoboe." Halafu akaongeza, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma: "Ulinitoboa kama ngozi ya mtu mfu."

Ningependa kuandika kwamba usiku ule sikulala kwa majuto. Ukweli ni kwamba nilimlaza wodini, na jioni ile nikaenda mezani kwa maofisa wenzangu, tukala, na nikakifanya kisa kile mzaha. Niliwaambia kuna mtu wa Siyu mwenye vinywa viwili, na kile cha tumboni huwahi kusema kabla ya kile cha usoni. Wakacheka hadi karani wa kodi akapaliwa na mchuzi. Mwalimu mmoja akasema, "Na wewe ndiye fundi wa vinywa! Usinipe mkono, tafadhali, nipungie tu." Nikacheka kuliko wote. Nilihitaji kinyaa kile kiwe cha Bwana Lali peke yake, kisiwe kwa namna yoyote kazi ya mikono yangu, na nilikuwa nimekwishagundua kwamba kicheko husaidia. Mji wa Amu ni mdogo, na mtumishi aliyetupakulia alikuwa na masikio. Siku mbili baadaye nilipopita jikoni mwa hospitali nilimsikia mpishi akimwambia mwenzake, "Mpelekee uji Bwana Vinywa Viwili. Kile cha tini kishashiba." Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa nimeshika daftari langu la zamu. Ningeweza kuingia. Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu, nikazungukia uani.

Asubuhi iliyofuata Bwana Lali aliniuliza wodini, mbele ya Stefano, "Daktari, nasikia nina jina jipya. Ni nani hapa aliyenibatiza?"

Stefano, ambaye kwa kweli alikuwa na ulimi mrefu, alinyanyua mikono. "Wallahi si mimi, Bwana Lali," alisema, Mkristo akiapa kwa kiapo cha mgonjwa wake. "Mimi nimekukimbia, hilo nakiri. Lakini sijakutania."

"Nakusadiki," alisema Bwana Lali. Alikuwa akimjibu Stefano lakini akinitazama mimi. Nilipima mapigo ya moyo wake kwa makini sana, nikahesabu hadi mwisho wa dakika.

Nilimwambia nitamwandikia barua aende kwa mpasuaji mkubwa wa Mombasa. Niliitaka barua ile kuliko alivyoitaka yeye. Ilikuwa njia ya kumwondoa machoni pangu. Akakataa. "Nani atanipakia, Bwana? Siyu mpaka hapa wamenivumilia kwa kuwa wanijua. Mombasa ni ndia ndefu, na watu wasionijua. Wewe umekosea, wewe tengeneza. Mimi nikikosea mshipi wa mtu simpeleki kwa fundi mwingine." Nikamweleza kwamba anaweza kufa: tumbo lililofunguliwa mara moja huwa na makovu yanayoshikana, sijapata kuifanya kazi hiyo, na hapakuwa na damu ya kumwongeza. Bi Zena alijifunika uso kwa ukaya wake. Mumewe akasema kwamba kwa sasa watu walikuwa wakimpitia kando kama maiti, ila maiti huwa na watu wa kuibeba.

Kwa wiki nzima nilimsafisha ngozi na kumpaka dawa mpaka ikafunga, na kwa wiki nzima nilitafuta sababu ya kuahirisha. Siku ya upasuaji alifanya jambo ambalo baadaye nimelifanya kuwa sheria kwa kila mwanafunzi wangu, bila kuwaambia nililitoa wapi. Aliomba kipande cha mkaa. Akafunga kikoi chake, akaketi juu ya meza, akainama, akasujudu sakafuni juu ya mkeka alioutandika Bi Zena, akainuka, na kila mara alijipapasa tumbo kwa vidole vile vyeusi, akitafuta sehemu isiyosogea. Mwisho akachora alama ndogo, kushoto, juu ya kitovu kwa upana wa vidole vinne, mbali na msokoto wa kikoi. "Hapa," alisema. "Hapa hapakunjiki. Hapa mshipi utashika." Nilimchoma sindano ya uti wa mgongo, kwa hiyo alikuwa macho muda wote. Alisoma kwa sauti ya chini maneno aliyoyahitaji, na mara moja tu aliacha, nilipokuwa nikivuta utumbo kwa pupa ili nimalize. "Usivute, Bwana. Ngozi ikivutwa huachia mshonowe." Nikalegeza. Kinyaa kilinikaba tangu mwanzo hadi mwisho. Jasho lilinidondoka, nilipumua kwa mdomo, nilimchukia kwa kunuka na nikajichukia kwa kumchukia. Lakini nilitoboa pale penye mkaa, nikafunga tundu la kwanza, na hakufa.

Watu wachache wanaojua habari ya upasuaji ule wa pili hudhani ndiyo siku ile niliyoichagua kazi yangu. Ingekuwa hivyo ningelisema hadharani kwa kifua mbele, maana siku ile nilistahili sifa kidogo. Barua ya kuomba kusomea kazi hii, badala ya macho, niliiandika miezi sita baadaye, mwaka wangu ulipokuwa ukingoni, siku mbili baada ya kutoka Siyu.

Bwana Lali alikuwa ametuma salamu mara nne kwamba niende kumtembelea. Nilikwenda Ijumaa, nikitembea kutoka gatini kwa kijia cha miguu kati ya mashamba, nikafika wakati wa sala. Nikaketi barazani mkabala na msikiti, na kupitia mlango uliokuwa wazi niliiona safu ya mwisho. Alikuwa katikati. Aliyekuwa kulia kwake alimgusa bega, na aliyekuwa kushoto alimgusa bega, na waliporukuu wote walirukuu kama ukuta mmoja. Nilisubiri wasogee. Hawakusogea. Nilijifuta macho kwa mkono wa shati, nikafurahi kwamba hapakuwa na mtu wa bara karibu wa kuniona.

Alinichukua nyumbani kwake akinionyesha kwa jirani kila tulipopita: "Huyu ndiye fundi wangu." Kichwa changu kilikuwa mawinguni. Sebule yake ilinukia ngozi mpya na udi. Mishipi ilining'inia ukutani, na mmojawapo, wenye kijaluba, haukutofautiana na mingine kwa uzuri. Mwenyewe aliniambia amevaa mwenziwe, akapigapiga kanzu yake juu ya kitovu, na kweli sikunusa chochote. Bi Zena akaleta maji, tukanawa, na akaweka sinia moja kati yetu: wali wa nazi, na samaki changu mkubwa wa kupaka. Bwana Lali akasema bismillahi. Kisha, kama mwenyeji anavyomfanyia mgeni anayemheshimu, akamchambua samaki kwa mkono wake wa kulia, akatoa miiba, akachagua mnofu wa mgongoni, ulio mnono kuliko yote, akaniwekea upande wangu.

Nikavitazama vidole vyake. Nilijua vilikuwa safi. Nilikuwa nimemwona akivisugua. Nilijua pia, kwa kuwa mimi ndiye niliyempangia, ni mara ngapi kwa siku vilifungua kijaluba kile. Nilichukua tonge dogo la wali kutoka ukingoni kabisa, mbali na ule mnofu, nikalitafuna kwa muda mrefu.

"Kula, Bwana. Samaki huyo ni wa leo."

"Nimeshiba kidogo, Bwana Lali. Nilikunywa chai ndiani."

Yeye naye akautazama mkono wake. Nilimwona akielewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma barua fupi. Bi Zena, aliyekuwa amesimama mlangoni akitupepea kwa upepeo, akaushusha.

"Mikono yako imeingia tumboni mwangu mara mbili," alisema polepole. "Sikuuliza imetoka wapi."

Nilisema jina lake tu. Akanyoosha kidole cha shahada, akakipitisha katikati ya wali kutoka ukingo hadi ukingo, mstari ulionyooka kama aliokuwa akichora juu ya ngozi kabla ya kuikata, hata chini yake pakaonekana bati la sinia.

"Huku kwako, huku kwangu," alisema. "Hata Zena hakunifanyia hivi. Kula, mgeni hatoki kwangu na njaa."

Nikala. Nilikula wali wa upande wangu wote hadi ukingoni mwa mstari, punje kwa punje, huku yeye akila upande wake bila kuinua macho. Na ule mnofu aliouchambua kwa mkono wake nikauzunguka, nikauacha pale pale alipokuwa ameuweka, ukipoa.